Kobe Aliyebeba Kifua Changu

Juzi nilikuwa Masasi. Niliingia duka la pembejeo kununua mbegu za mbaazi, nikawa nachagua pakiti, na muuzaji akaburuta gunia la salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ili anipishe njia. Unga kidogo ukamwagika sakafuni. Ile harufu yake kali, ya njiti ya kiberiti iliyowashwa na kuzimwa, ilinifika kifuani kabla haijafika puani. Nikatoka nje bila mbegu. Muuzaji alidhani nimechukizwa na uchafu, akaniomba radhi, maskini, na mimi sikuweza kumweleza kwamba kwa wakati ule sikuwa dukani kwake kabisa. Nilikuwa Newala, meno ya mbele yameng'oka, nimejibanza nyuma ya kisima cha nyumbani, nauma pindo la gauni nisisikike nikikohoa.

Nyie wa rika langu mtaukumbuka wakati ule. Kila kitu kilisemwa kimefunguliwa: biashara imefunguliwa, korosho imefunguliwa, milango imefunguliwa. Mitumba ikajaa gulioni, sabuni zikaanza kunukia, na wanunuzi wa korosho tusiowajua kwao wakaja na mizani zao. Baba naye akaenda Masasi kujaribu bahati yake kwenye mitumba, akawa anakuja nyumbani mara mojamoja. Mimi nilikuwa mtoto wa kuyachukua maneno ya watu wazima kama yalivyo, kwa hiyo nilishangaa sana kwamba katika kufunguliwa kote huko, kiwanda cha kubangua korosho alichofanyia kazi Mjomba Saidi ndicho kilichofungwa.

Mjomba alirudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Newala, kwenye nyumba ya Bibi tuliyokuwa tukiishi mimi na Mama. Alikuja na begi moja na boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Nilimpokea lile boksi mbio nikitegemea biskuti. Likakwaruza kwa ndani, nikaliachia, na kama Mjomba asingelidaka hadithi yangu ingeishia pale pale mlangoni.

"Shikamoo Mama," alimwambia Bibi, huku amekumbatia boksi.

"Marahaba." Bibi alichungulia ndani. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde tele, na akikasirika Kimakonde kiliongezeka. "Wenzio wanarudi na redio, weye unarudi na kobe? Ntu nzima?"

"Redio inataka betri, Mama. Huyu hataki kitu. Tumestaafishwa pamoja."

Basi jina likawa Mstaafu. Mjomba alimweka uani, akamkatia majani ya mchicha, akakaa kumtazama akila kama mtu anayetazama mpira. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mzima akimwonea mnyama fahari kiasi kile. Kitu kingine cha kuonea fahari hakuwa nacho, na hilo hata mimi niliweza kuliona.

Mimi nilikuwa na pumu. Sisemi kile kikohozi cha watoto kinachoondoka kwa asali. Kifua changu kililia filimbi, mabega yalipanda mpaka masikioni, na nilikaa nimeinama mbele usiku kucha nikivuta hewa kama mtu anayevuta kamba nzito. Kila mwaka mikorosho ilipochanua na watu wakaanza kupulizia salfa, nyumba nzima ilinitazama mimi. Bibi alinichua mafuta, akanifukiza majani, akanifunika blanketi. Yeye aliamini kwamba baridi na umande wa Newala ndivyo vinavyoua vifua, kwa hiyo dawa ilikuwa joto na ukavu, na chumbani kwangu kulikaa chungu cha makaa.

Siku moja nilikuwa nje ya jiko nikichambua kunde, nikamsikia ndani akizungumza na Mama.

"Kobe ana pumzi nyingi, ndiyo maana hafi upesi," alisema Bibi. "Ntoto akilala naye chumba kimoja, kifua kitahamia kwa kobe."

"Na kobe mwenyewe?" Mama aliuliza.

"Kobe ataondoka nacho."

Nilijua maana ya kuondoka. Jirani yetu mmoja alikuwa ameondoka siku chache tu nyuma, na nilikuwa nimesimama mbali na wanawake nikitazama wanaume wakichimba shimo lake.

Siku hiyohiyo Mstaafu akahamishiwa chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la mbao lililojazwa majivu na mchanga mkavu. Maji ya kumpa hayakuwapo. Huko kwetu juu mvua ikiisha imeisha. Kila nyumba yenye bati ilikuwa na kisima cha saruji cha kukinga maji ya paa, na mfuniko wa cha kwetu ulikuwa na kufuli, ufunguo ukining'inia shingoni kwa Mama. Kisima kikishuka sana, wanawake waliteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Kumwagia kobe maji katika nyumba kama ile kulikuwa karibu na dhambi. Mchicha wenyewe uliisha, akawa anapewa maganda ya muhogo.

Haikuchukua muda akaanza kuumwa. Kwanza aliacha kula. Kisha kope zikavimba, na puani pakatokea mapovu madogo yaliyokuwa yakipasuka na kutokea tena. Halafu nikaisikia. Nilikuwa nimelala mchana, chungu cha makaa kando yangu, nikasikia filimbi ya kifua, nikanyamaza kujisikiliza, na kifua changu kilikuwa kimya. Niliinama chini ya kitanda. Mstaafu alikuwa amenyoosha shingo yote, mdomo wazi, miguu ya mbele ikiingia na kutoka kila anapovuta pumzi. Alikuwa akifanya vilevile kabisa nilivyokuwa nikifanya mimi. Nilipiga ukelele ambao sikuumaliza, maana niliuziba kwa mkono.

Bibi alipoitwa kuona, uso wake ulifunguka. "Kaanza kupokea," alisema taratibu, akashukuru Mungu.

"Mama, mnyama anaumwa," Mjomba alisema.

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kazi yake! Mimi nimefukuzwa kazi, yeye mnampa?"

Alisema kwa mzaha, ila sauti ilimkatika katikati. Akachuchumaa, akafuta yale mapovu kwa kidole chake mwenyewe, na mimi nikauona uso wake kwa karibu. Ni hapo nilipoamua. Kwa akili yangu, kila nilipokohoa kuna kitu kilitoka kwangu kikaingia kwa kobe, kama vile mtu anavyopakia gunia juu ya gunia. Kwa wiki nzima kifua changu kilikuwa kimepoa na cha kwake kimewaka. Ushahidi gani mwingine nilihitaji? Nisipokohoa, nilijiambia, hataongezewa mzigo. Nisipokohoa kabisa, Mjomba hatabaki mikono mitupu.

Watoto wana nguvu za ajabu katika mambo ya kipumbavu. Nilijifunza kuvuta hewa kidogokidogo kwa pua, kama mtu anayeonja uji wa moto. Kikohozi kikija nilikimbilia nyuma ya kisima, nikauma pindo la gauni mpaka kipite, nikarudi nikitabasamu. Nikiulizwa kwa nini macho ni mekundu nilisema moshi. Nilikataa kucheza rede nikisingizia mguu. Mama alianza kulala usingizi wa kweli, na Bibi, ambaye kwa utani wetu wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzake, aliwaambia majirani kifua cha nke mwenzangu kimeondoka. Lakini hakikuondoka hata siku moja. Kilikuwa pale, kimebana, na nilikiogopa kuliko nilivyowahi kukiogopa, kwa sababu sasa nilikuwa nacho peke yangu.

Na Mstaafu hakupona. Hilo ndilo lililonitesa. Tena akaanza tabia mpya: kila alipotolewa nje aliondoka polepole, mdomo wazi, akavuka uwanja wote mpaka kwenye ua, pale palipokuwa na jiwe la Bibi. Bibi alikaa juu ya jiwe lile kila kipindi cha swala na birika lake, akatawadha, na maji ya udhu yakadondokea mahali palepale. Kobe alifika hapo akaanza kuchimba. Alichimba kwa miguu ya mbele, akapumzika akikorota, akachimba tena, mpaka kichwa kikazama kwenye udongo.

Mimi nilijua anachimba nini. Nilikuwa nimeshaona kaburi likichimbwa.

"Hapana, Mstaafu," nilimwambia, nikamtoa kwa nguvu, nikampangusa tope lote mpaka gamba likakauka, nikamrudisha kwenye majivu. "Hufi. Umesikia? Hufi." Kesho yake alikwenda tena, nami nikamtoa tena, na kila nilipombeba nilibana pumzi ili nisimpulizie.

Asubuhi ya salfa ilikuwa na ukungu. Watu hupulizia alfajiri, kabla upepo haujaamka, umande ukiwa bado kwenye maua. Mama alikuwa ameteremka bondeni. Mashine ya jirani ikawaka, ikanguruma mgongoni mwa mtu nisiyemwona, na wingu la manjano likaja kupitia mikorosho, likashuka uwanjani kwetu taratibu bila haraka yoyote. Nilikuwa nafagia. Nilidondosha fagio nikaenda nyuma ya kisima.

Safari hii kikohozi hakikuja. Hewa ndiyo haikuja. Nilivuta, ikaingia kidogo kama uzi, kisha ikakataa kutoka. Niliushika ukuta wa kisima kwa kucha. Nilimsikia Bibi jikoni akivunja kuni, karibu kabisa, ningeweza kuita na angesikia hata kama ningeita kwa sauti ya paka. Sikuita. Nilifikiri: nikiita nitakohoa, nikikohoa atakufa. Saruji ikawa ya kijani machoni mwangu, halafu nyeusi pembeni, na kelele za mashine zikaanza kwenda mbali. Niliogopa sana. Nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu watu husema watoto hawajui kifo. Mimi nilikijua, kilikuwa mbele yangu pale ukutani, na bado sikuita.

Mjomba alikuwa akimtafuta kobe. Alikuta sanduku tupu, akazunguka nyumba akiita "Mstaafu, Mstaafu," na alipofika nyuma ya kisima akanikuta mimi, midomo imeshabadilika rangi.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, njoo!"

Bibi alitokea mlangoni na kipande cha kuni mkononi, akasimama. Hakusogea. Alisimama tu pale, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa na radi. Mjomba akamvua kanga begani, akanifunga mgongoni mwake kama mtoto mchanga, akapanda baiskeli. Njia ya mchanga ilitukamata mara mbili, akashuka, akakimbia akiisukuma, akapanda tena. Nakumbuka jasho lake shavuni kwangu na sauti yake ikirudia, "Vuta. Vuta, mjomba. Vuta tena."

Hospitali walinichoma sindano ya mshipa, polepole sana, nesi akitazama kifua changu muda wote bila kupepesa. Hewa ikarudi. Nililala nikaamka, nikalala nikaamka, na kila nilipoamka Mjomba alikuwa pale kwenye benchi. Mwisho akaona macho yangu yametulia.

"Nesi anasema hii haikuanza leo," alisema. "Kwa nini hukuita?"

"Ningeita ningekohoa."

"Kwa hiyo?"

"Mstaafu angekufa."

Kisha nikamweleza yote, yale ya jikoni, ya pindo la gauni, ya kaburi pale kwenye jiwe la udhu. Nilipofika kwenye kaburi alinifanya nirudie, kisha akasimama akaenda dirishani, akakaa huko akinipa mgongo. Aliporudi alikuwa amejifuta uso.

"Sikiliza. Kikohozi chako hata ukimkoholea puani hakimwingii. Kule kiwandani kulikuwa na bomba la mvuke, lile la kupikia korosho kabla ya kubangua. Lilivuja miaka yote. Yeye aliishi chini yake, kwenye tope mpaka shingoni, na sikuwahi kumwona hata akipiga chafya." Akatikisa kichwa. "Halafu mimi namleta hapa tunamweka kwenye majivu, pembeni ya makaa. Tumemkausha kama korosho. Hachimbi kaburi yule. Anatafuta unyevu avute pumzi."

Nililia kwa nguvu mpaka nesi akaja kumgombeza yeye.

Tuliporuhusiwa kurudi, tulimkuta Mama uwanjani. Alinikumbatia. Bibi alikuwa chumbani kwangu, amekaa sakafuni. Mstaafu alikuwa kwenye majivu, amefungwa kamba ya katani mguuni, na ncha ya pili ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Pumzi zake zilisikika tangu mlangoni.

"Alitoka," Bibi alisema kabla hajaulizwa. "Asubuhi ile alitoka ndani, ndiyo kifua kikanrudia ntoto. Hatoki tena."

"Mama, huyu anakufa," Mjomba alisema. "Nimpeleke tu pale unapotawadhia. Sihitaji ufunguo wa kisima, maji yako ya udhu yanamtosha."

"Afe."

"Mama."

"Afe, Saidi! Si kobe? Bora yeye." Mikono yake ilikuwa imeishika ile kamba. "Weye ulikuwa ndogo, hukumbuki. Zaituni alikuwa nyumba hiihii. Mimi nipo kinuni natwanga, yeye yupo ndani, hatua mbili tu. Nimemaliza kutwanga, naingia, mwanangu keshapoa. Hakuniita. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakuniita."

Mama alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Mimi sikuwa nimewahi kulisikia jina la Zaituni, na nilielewa mara moja, bila kuelezwa, kwamba alikuwa dada yao Mama na Mjomba, na kwamba alikuwa na kifua kama changu. Nikaelewa pia kwamba kamba ile haikuwa ukatili. Bibi alikuwa amenishika mimi kwa ile kamba.

Nilikaa chini karibu naye. "Bibi, mfungue."

"Kitarudi kwako, nke mwenzangu."

"Hakikuondoka, Bibi. Nilikuwa nakificha." Nilimwona akinitazama kana kwamba nimempiga. "Sitakificha tena. Kikija nitakuita."

Alichukua muda mrefu kuifungua kamba, na hakutaka mtu amsaidie. Kisha akambeba yeye mwenyewe, kobe yule akimkorotea kifuani, akavuka naye uwanja mpaka kwenye jiwe, akamweka kwenye shimo lake akalimiminia birika lote. Lilipoisha alibaki ameliinamisha. Mama akavua ufunguo shingoni, akafungua kisima, akachota bakuli la maji safi katikati ya kiangazi, akamletea mama yake mkononi.

Mstaafu alijifukia mpaka gamba likabaki kidogo tu juu. Mjomba akamfunika kwa majani ya mikorosho yaliyooza, na Bibi akaendelea kutawadha kila kipindi akielekeza maji pale. Ukubwani nimekuja kuambiwa kwamba ndivyo wanavyofanya porini kiangazi kikiwakamata: hujichimbia chini ya majani, kwenye udongo wenye ubaridi, maana hewa kavu na vumbi huwakausha koo na mapafu yakaoza. Sisi tulikuwa hatujui. Tuliona tu mapovu yakipungua, siku baada ya siku, kisha filimbi ikawa ya hapa na pale, na asubuhi moja Mjomba akaja jikoni akiruka kama mtoto kwa sababu kobe amekula jani zima.

Bibi alifurahi kwa nusu ya uso. Nusu nyingine ilinitazama mimi. Kobe alipokuwa akipona, yeye alikuwa akisubiri, na nilimwona akisimama mlangoni kwangu kila asubuhi, akisikiliza.

Kifua kilikuja alasiri moja. Mtu alikuwa amepulizia mbali, upepo ukaleta harufu, na nikakihisi kikianza kubana, polepole, mahali palepale chini ya koo. Miguu ikanipeleka yenyewe kuelekea nyuma ya kisima. Bibi alikuwa kinuni, ananipa mgongo, mchi unapanda na kushuka. Nilijua nikiita atajua kwamba kimerudi, kwamba kobe hakubeba kitu, kwamba dawa yake yote ilikuwa bure. Nilijua itamuuma. Nikasimama katikati ya uwanja.

"Bibi!" niliita. Sauti ilitoka ndogo. Nikavuta nilichoweza kuvuta nikaita tena. "Bibi, kifua!"

Mchi ulianguka ukapindua ungo wa mahindi. Alikuja mbio, yule mwanamke ambaye siku ile ya salfa hakuweza kunyanyua mguu, kanga imemdondoka nyuma, na aliponifikia alinishika uso kwa mikono yenye unga, akilia na kucheka pamoja, huku akimwita Mjomba alete baiskeli, na katikati ya kuita akawa ananirudia mimi, "Umeita. Umeita, mwanangu. Umeita."